Somo la Familia: Nguo Kuukuu, Zawadi ya Kukumbukana

Masomo ya kusoma pamoja: Yoshua 4:1-7, 1 Samweli 2:18-19, Matendo ya Mitume 9:36-42, Marko 2:21



Mara nyingi katika kurasa hizi tunajifunza mambo ya kusikia na kutafakari. Safari hii tumeona vema kuleta somo ambalo familia inaweza kulifanya kwa mikono, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja. Tutajifunza namna ya kuchukua nguo za zamani za familia na kuzifanya zawadi ya kumbukumbu. Tutaona pia kwa nini kazi hii ndogo ina maana kubwa kwa watu waliotawanyika kama sisi.

UTANGULIZI

Karibu kila nyumba katika makazi haya ina kifurushi. Kingine kiko chini ya kitanda, kingine kimening'inizwa kwenye mti wa paa, chini ya turubai. Ukikifungua unakuta shati la baba aliyelala, kitenge cha mama, au sweta la shule la mtoto ambaye hakufika pamoja nasi. Nguo hizo hazivaliki tena, lakini hakuna mwenye moyo wa kuzitupa. Basi zinakaa. Panya wanazitafuna, mvua inazilowesha, ukungu unaziota.

Hasara iliyo kubwa zaidi si ya panya. Ni siku ile ambapo mtu aliyejua kila nguo ni ya nani anaondoka. Amerudi Kongo, au amepelekwa nchi ya mbali, au Bwana amemwita. Watoto wakikifungua kifurushi siku hiyo, wanakuta matambara tu, hawajui ni ya nani. Somo letu linahusu jambo la kufanya kabla siku hiyo haijafika.

1. NGUO INAWEZA KUSHUHUDIA

Tuanze na habari za Dorkasi, ambaye pia aliitwa Tabitha. Alipokufa kule Yafa, Petro aliitwa, akapandishwa chumba cha juu. Wajane walisimama karibu naye wakilia, nao wakamwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Wajane hao hawakuleta hotuba. Walileta nguo. Kila mmoja alishika ushahidi wake mkononi.

Hana, mama yake Samweli, alikuwa mbali na mwanawe aliyehudumu hekaluni. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea walipopanda kwenda kutoa dhabihu. Wazazi wenye watoto walio mbali wanaielewa kanzu hiyo bila kufundishwa. Kwanza mama alipaswa kukisia: mwaka huu amefika urefu gani?

Na Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni ili yawe ukumbusho. Biblia inasema wazi sababu yake: watoto watakuja kuuliza maana ya mawe hayo, na wazazi watapaswa kuwajibu. Tuangalie hapo vizuri. Jiwe halisemi. Linamfanya mtoto aulize, na mzazi ndiye anayesema. Nguo ya kumbukumbu nayo ni hivyo hivyo. Kama hakuna anayesimulia, ni tambara.

2. WENZETU WA GEE'S BEND

Jambo hili wamelifanya pia watu wengine waliopoteza mali na wapendwa wao. Kule Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto Alabama pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa katika shamba la pamba la bwana aliyeitwa Pettway. Ndiyo maana mpaka leo wengi wao wana jina hilo.

Mwaka 1932, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na familia yake ikadai madeni yote kwa mara moja. Watu walibebewa mifugo, zana za kulimia na chakula walichokuwa wameweka kwa ajili ya majira ya baridi. Wasomaji wetu waliowahi kuporwa nyumba nzima kwa siku moja hawahitaji kuelezwa zaidi.

Katika kijiji hicho wanawake walikuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizochakaa, maana nyumba zao ziliingiza baridi na vitambaa vipya havikupatikana. Mwaka 1942, mama mmoja aliyeitwa Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alichukua nguo za kazi za marehemu na kuziunga kuwa blanketi. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia kushona, alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe, na kujifunika kwa upendo wake.

Miaka sitini baadaye, mwaka 2002, mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha za baadhi ya mablanketi ya kijiji hicho. Lakini Missouri hakushona kwa ajili ya makumbusho. Alishona kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi na mume wake hakuwepo. Hakuwa na kitambaa kizuri wala mashine ya fahari. Alikuwa na suruali zilizopauka na sababu ya kushona.

3. KABLA YA KUSHIKA MKASI

Wapendwa, mkasi haurudi nyuma. Kitambaa kilichokatwa hakiungiki kikawa kama kilivyokuwa. Kwa hiyo kazi hii haianzi na sindano, inaanza na mazungumzo.

Katika desturi za makabila yetu mengi, nguo za marehemu hugawanywa kwa ndugu siku ya kuondoa matanga, au baadaye kidogo. Ni desturi yenye maana yake, na hatufundishi kuivunja. Lakini hapa uhamishoni imeleta magomvi, kwa sababu ndugu hawako mahali pamoja. Aliye karibu na kifurushi anachukua vyote, na aliye mbali anasikia kwa simu kwamba hakuna kilichobaki.

Tunaijua familia moja ambayo baba yao alifia hapa kwenye makazi. Watoto walikuwa sita: wawili hapa, mmoja Marekani, mmoja Kanada, na wawili waliokuwa wamerudi Fizi. Ubishi ulianza juu ya nguo, na watu wa nje walicheka kwamba wanagombania mashati yaliyotoboka. Hawakuelewa. Hawakuwa wakigombania mashati. Kila mmoja alikuwa akiuliza, "Na mimi je, nilikuwa mtoto wake?" Wazee walikaa nao wakakubaliana hivi: koti libaki zima kwa mwana wa kwanza. Mashati manne ya baba na kitenge kimoja cha mama vikatwe, vishonwe vitambaa sita vinavyofanana, kila mtoto apate chake. Leo vitambaa hivyo viko katika nchi nne, na ndugu hao wanapigiana simu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu:

Kwanza, waulizeni wote wenye haki, hata walio mbali. Ujumbe wa simu unatosha.

Pili, msiharakishe. Mjane akisema bado hajawa tayari, kifurushi kifungwe tena. Nguo yenye harufu ya mtu si kitambaa bado.

Tatu, chagueni nguo moja au mbili za kubaki nzima, zilizo imara kuliko nyingine. Zilizochakaa ndizo zikatwe.

4. HATUA ZA KAZI

Tunaeleza hapa kitambaa cha viraka tisa, chenye upana wa sentimita 60 hivi kila upande. Kinaweza kufunika mtoto mchanga, kutandikwa mezani, au kushonwa kuwa mfuko wa mto. Kikikunjwa kinatosha ndani ya Biblia kubwa, na hilo ni jema kwa mtu ambaye mzigo wake wa safari utapimwa kwa kilo.

Hatua ya kwanza: kufua. Yesu alisema hakuna mtu ashonaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu, maana kiraka kitajivuta na tundu litazidi (Marko 2:21). Mafundi wanajua kwamba maneno haya ni ya kweli hata kwa sindano. Kitambaa kipya kikifuliwa mara ya kwanza hunywea. Kwa hiyo fueni vitambaa vyote kabla ya kukata, hasa kama mnaongeza kitenge kipya. Kisha bonyezeni kitambaa cheupe chenye maji juu ya kila nguo yenye rangi kali. Kama cheupe kinachukua rangi, nguo hiyo ifuliwe tena peke yake mpaka iache kutoa rangi. Anikeni juani na mpige pasi ya makaa.

Hatua ya pili: kutafuta sehemu iliyo imara. Shati huchakaa kwenye kola na viwiko, lakini mgongo wake hudumu. Suruali huchakaa magotini na makalioni, lakini nyuma ya ndama ya mguu kitambaa bado kina nguvu. Kitenge cha kujifunga huisha katikati, pembeni kikabaki kizima. Fumueni pia pindo la chini: ndani yake mtakuta rangi ya zamani ambayo jua halikuifikia. Watoto wengi hushangaa wanapoona rangi ambayo shati la baba lilikuwa nayo lilipokuwa jipya.

Hatua ya tatu: kupima na kukata. Chukueni katoni ngumu, mkate kipimo cha mraba, sentimita 22 kila upande, kwa rula ya mwanafunzi. Sentimita moja kila upande itaingia kwenye mshono, zitabaki 20. Wekeni katoni juu ya kitambaa, mchore kwa penseli au chaki, mkate. Mgongo wa shati la mtu mzima hutoa vipande sita hivi. Fulana inayovutika ishikizwe kwanza juu ya kitambaa kigumu cha pamba, isije ikapinda. Nguo ya mtoto mchanga, ambayo haitoshi kipimo, isikatwe. Ishonwe nzima juu ya mraba wa kitambaa kingine. Mfuko wa shati nao usiondolewe. Mtoto atapenda kuingiza vidole mahali baba alipoweka kalamu.

Hatua ya nne: kupanga. Tandikeni vipande tisa kwenye mkeka, safu tatu za vipande vitatu. Kila mtu aseme anavyopenda. Mtoto mdogo apewe ruhusa ya kuhamisha kipande kimoja, ili kazi iwe yake pia.

Hatua ya tano: kuunga. Wekeni vipande viwili uso kwa uso, mshone sentimita moja kutoka ukingoni. Kama hakuna cherehani, tumieni uzi wa mara mbili na mshono wa kurudi nyuma: sindano inatangulia hatua moja, inarudi nusu, inatangulia tena. Kila hatua iwe fupi kama punje ya mchele. Maliza safu moja ya vipande vitatu, kisha ya pili na ya tatu, pigeni pasi mishono ilale, ndipo muunge safu kwa safu.

Hatua ya sita: mgongo na pindo. Kateni kitambaa cha nyuma kikubwa zaidi, kizidi sentimita 3 kila upande. Mkitaka joto, wekeni katikati kipande cha blanketi lililochakaa. Kunjeni ukingo wa nyuma sentimita moja, kisha mkunje tena uje juu ya viraka, mshone kuzunguka. Mahali pale panne ambapo vipande vinne vinakutana, pitisheni uzi imara mpaka nyuma na kurudi, mfunge fundo. Hivyo tabaka zote zitashikana.

Hatua ya saba: majina. Kalamu ya wino hufutika kwa kufuliwa. Andikeni kwa penseli upande wa nyuma, kisha mfuatishe kwa uzi: jina la mwenye nguo, mahali alipozaliwa na mwaka. Maneno machache yanatosha. Hatua hii isirukwe kabisa. Kitambaa kizuri kisicho na jina kitakuwa tambara katika kizazi cha pili.

5. KAZI YA MDOMO

Wakati mikono inashona, mdomo nao ufanye kazi. Babu au bibi, au koko kama wengi wetu tunavyomwita, akae hapo hata kama macho yake hayaoni tundu la sindano. Kila kipande kikishikwa, aulizwe: Hii ilikuwa ya nani? Aliivaa wapi? Alikuwa mtu wa namna gani?

Semeni kweli. Marehemu si lazima awe malaika. Kama baba alikuwa mkali, mtoto aambiwe kwamba alikuwa mkali, tena kwamba alitembea siku mbili akimbeba dada yenu begani. Mtoto anayepewa baba asiye na kosa lolote hampati baba yake.

Mambo mengine ni mazito kwa masikio madogo. Kama nguo ina habari ya vita ambayo mama hawezi kuisema bila kuugua, asilazimishwe. Aseme, "Hiyo nitakueleza ukikua," naye aende kwa mshauri au kwa mama wa kanisa anayemwamini.

6. MAMBO YA KUJIHADHARI

Ugonjwa. Nguo zilizochafuliwa na mgonjwa wa Ebola hazitunzwi. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa huo uliua watu wengi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na wahudumu wa afya walipochoma nguo za marehemu hawakuwa wakidharau wafu wetu. Walikuwa wakilinda walio hai. Nguo za nyumba yenye upele nazo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya mtu yeyote kuzishika.

Hofu. Wengine wanaogopa kwamba nguo ya marehemu huleta roho yake. Ndugu, shati limefuliwa, ni pamba. Anayempenda mtoto wako hawezi kugeuka kuwa adui yake kwa sababu amelala.

Hirizi. Kuna kosa la upande wa pili. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa alikuwa ukumbusho mwema, lakini watu wakaanza kumfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja (2 Wafalme 18:4). Kitambaa cha kumbukumbu kisiwekwe chini ya mto wa mgonjwa ili kimponye, wala kisisemeshwe. Ni cha kumkumbuka mtu na kumshukuru Mungu.

Chandarua. Kisikatwe kwa kazi hii hata kama kinaonekana kufaa kwa kujaza katikati. Malaria haitusamehe.

7. VIPI ASIYE NA NGUO?

Wako waliotoka mikono mitupu, na wako waliobadilisha nguo kwa unga posho ilipopungua. Hatumhukumu mzazi aliyeuza koti la marehemu ili watoto wale. Naye marehemu angefanya hivyo. Tunasema tu: kabla ya kuuza, fumua pindo la ndani na ukate kipande cha upana wa vidole viwili. Mnunuzi hatakiona, nawe utakuwa nacho.

Aliyetoka bila kitu atazame nguo aliyokimbia nayo, au mbeleko aliyombebea mtoto, au ngobi kama wengine wanavyosema. Hiyo nayo ni historia ya nyumba. Na kama hata hiyo haipo, anaweza kutafuta kwenye mitumba kitambaa chenye rangi inayofanana na ile anayoikumbuka. Lakini amwambie mtoto kweli: "Hii siyo yenyewe. Yenyewe ilikuwa kama hii." Kumbukumbu iliyosimama juu ya uongo haikai.

HITIMISHO

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilitoa amri ya kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kuhojiwa zilijikuta nusu huko na nusu hapa, na mzazi hajui atamwona lini mwanawe. Hatuna uwezo wa kufungua milango ya serikali. Lakini Hana pia hakuweza kuwa Shilo kila siku. Alifanya lile lililo mikononi mwake, akashona, akapeleka.

Kwa hiyo msisubiri siku ya safari, wala siku ya msiba. Jumapili hii baada ya ibada, teremsheni kifurushi, mkifungue pamoja. Hata kama hamtakata chochote, semeni majina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, ni nani peke yake anayejua kila nguo ilikuwa ya nani? Tumemuuliza?

2. Wajane wa Yafa walionyesha nguo walizoshonewa na Dorkasi. Watu wakitaka kutukumbuka sisi, wataonyesha nini?

3. Ni ndugu gani aliye mbali ambaye hakupata chochote cha mzazi wetu? Tunaweza kumpelekea nini?

4. Kuna tofauti gani kati ya kumkumbuka marehemu na kumtegemea?

Bwana awafariji wote wenye vifurushi visivyofunguka bado, naye awape nguvu kwa wakati wake. Mungu awabariki. Amina.